Daftari la Makosa



Nimeombwa nieleze kazi yangu. Naandika programu za kompyuta serikalini. Maneno tuyaandikayo huungwa na kompyuta pamoja na vipande vilivyoandikwa na wengine, hata iwe programu moja inayofanya kazi. Mara nyingi kuunga huko hukwama, na kioo hujaa malalamiko.

Mgeni wa kazi husoma mstari wa mwisho. Lakini kwetu Olbalbal maji yanayotuama wakati wa mvua hutoka mbali, yakipitia Korongo la Oldupai. Basi panda juu, ulitafute kosa la kwanza.

Safari moja tulikwama siku tatu. Kumbe mtandao ulikatika Maven ikipakua kipande kimoja. Kikabaki nusu katika folda ya.m2, na kila tukijaribu tena ilichukua nusu ileile. Tulikifuta, tukapakua upya, kazi ikaisha. Kilichoniudhi ni kwamba mwenzetu mmoja alikwisha kulitatua kosa hilo kabla hajahamishwa mkoa. Hakuacha hata mstari.

Sasa tuna daftari. Tunanakili kosa kama lilivyo, toleo la Java, nafasi iliyobaki kwenye diski, na dawa iliyofaa. Iliyoshindwa pia tunaiandika, maana nayo hula siku za watu.

Jana nikiwa njiani kuja huku, kijana wa zamu alinipigia simu. Nikamwambia atazame ukurasa wa nne. Hakupiga tena.