Ni Nani Hupokelewa Kufanya Utafiti wa Uhandisi?



Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1973. Wengi mwaniuliza jinsi ya kupokelewa kwa shahada za utafiti.

Sharti la kwanza mnalijua: alama. Shahada ya uzamili hutaka shahada ya kwanza iliyo nzuri; vyuo vingi vya Uingereza hudai daraja la pili la juu. Uzamivu kwa kawaida hutanguliwa na uzamili. Tena ziwepo barua za walimu wanaomfahamu mwombaji.

Lakini alama hukufikisha barazani tu. Nimemwona kijana wa daraja la kwanza akikataliwa, kwa kuwa aliandika atatafiti "maji ya vijijini". Hiyo ni mada, si swali. Mwenzake wa daraja la pili aliuliza: mkaa wa mifupa unaochuja floridi katika maji ya Arusha huchoka baada ya lita ngapi? Huyo alipokelewa. Swali lake lilipimika, vyombo vya kupimia vilikuwapo, na alipatikana msimamizi aliyeijua kazi hiyo. Pakikosekana msimamizi, hata mwenye alama bora hurudi nyumbani.

Basi vijana, someni hesabu kwa bidii, lakini pia jizoezeni kuuliza. Pampu ya shule ikiharibika, msiishie kulalamika. Pimeni, andikeni, mwulize kwa nini.