Shuka Kavu Katika Msitu wa Mvua



Nimechagua kuzungumzia jengo dogo: hema la kifahari ndani ya msitu wa mvua. Mwekezaji anapokuja kuomba eneo, hutuonyesha picha za kitanda chenye chandarua cheupe, beseni la kuogea lililong'arishwa, na kijito kinachopita chini ya baraza. Picha hizo hupendeza, na mara nyingi ndizo zinazozungumzwa mkutanoni mpaka muda unakwisha. Mimi nasema kambi ya namna hii ipimwe kwanza kwa mambo mawili ambayo kamera haiyapati: maji yake yanakwenda wapi, na fedha ya mgeni inamlipa nani alinde miti ambayo mgeni huyo hataiona kamwe. Uzuri wa hema uzungumzwe baadaye.

Hema la anasa sisi wa Afrika Mashariki tunalijua tangu zamani. Theodore Roosevelt, rais mstaafu wa Marekani, alipokuja kuwinda mwaka 1909, mahema yake, vitabu vyake na shehena ya chumvi ya kuhifadhia ngozi za wanyama vilibebwa na mamia ya wapagazi. Kambi ikivunjwa, nyasi zilirudi mahali pake. Sifa kubwa ya hema ilikuwa kuondoka. Kambi ya leo haiondoki. Ina sakafu ya mbao, bafu, mabomba, shimo la maji taka na mkataba wa miaka mingi. Ni nyumba yenye paa la kitambaa, kwa hiyo ikaguliwe kama nyumba nyingine yoyote.

Tena ni nyumba iliyobuniwa kwa ajili ya nyika. Serengeti ina upepo na jua, na turubai likilowa saa nane mchana, saa kumi limekauka. Mwanafunzi anayechukua mchoro wa kambi ya Serengeti na kuupandisha kwenye misitu ya milima ya Usambara au Udzungwa ameshakosea kabla hajachora mstari wa kwanza.

Tuanze na mvua. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Chukua paa la mita 10 kwa 12. Mvua ya milimita 50 kwa saa, ambayo si kioja katika nchi za tropiki, inamwaga juu ya paa hilo lita 6,000. Bila paa, maji hayo yangepokelewa na majani, yakateremka polepole kwenye mashina na kuzama katika matandazo ya majani makavu. Ukishatandaza turubai umeyakusanya yote na kuyaangusha katika mistari miwili. Masika machache yakipita, nenda ukachutame chini ya mchirizi wa paa. Utakuta mfereji, udongo mweusi wa juu umekwenda, na mizizi imebaki wazi, imechubuka. Msituni chakula cha mti kiko karibu sana na uso wa ardhi. Mti wenye urefu wa mita 40 unaweza kuwa unategemea udongo usiofika magotini mwako.

Ndiyo maana maji ya paa lazima yaingie kwenye tangi yatumike, na yanayozidi yasambazwe juu ya kokoto, mbali na mashina. Kwa sababu hiyo hiyo zege halifai hapa. Nguzo za chuma zenye ncha kama skrubu hukazwa ardhini kwa mikono, zinapita katikati ya mizizi, na siku ya kuondoka zinafunguliwa. Kanuni ninayowapa wanafunzi wangu ni hii: kipande ambacho watu wawili hawawezi kukibeba kwa mguu kwenye njia nyembamba, kisiwemo katika mchoro. Barabara ya kupitishia lori la mchanga huua miti mingi kuliko mahema yote kwa pamoja, na ikishakatwa, wapasua mbao huitumia pia.

Kitambaa chenyewe ni mtihani. Turubai la pamba linapumua lakini linaota ukungu mweusi na kuoza. Poliesta iliyopakwa plastiki haiozi upesi, ila haipumui, na siku ikichakaa ni mzigo wa kurudishwa mjini, wala si takataka ya kuchoma nyuma ya jiko. Jawabu ninaloliamini ni matabaka mawili: la nje lenye mteremko mkali la kufukuza mvua, la ndani la pamba, na katikati nafasi pana ya kupitisha hewa. Juu ya kitanda, pangaboi. Kiyoyozi ndani ya hema ni umeme unaomwagwa nje, kwa kuwa kitambaa hakizuii joto. Tena ubaridi wake hukusanya umande kwenye turubai, na ukungu hupata pa kuanzia.

Sasa nifike kwenye shuka. Katika msitu wa mvua nguo zilizoanikwa asubuhi chini ya miti, jioni bado ni mbichi. Fikirieni kambi yenye mahema 15: mashuka, foronya, taulo za kuogea, taulo za miguu, nguo za mgeni aliyenyeshewa, kila siku ya Mungu. Wabunifu wengi hawachori mahali pa kukaushia. Kambi inafunguliwa, wiki ya kwanza mashuka yananuka uvundo, na meneja anaagiza mashine za kukaushia za gesi au dizeli, zinazokula nishati nyingi kuliko taa zote za wageni. Ile hesabu nzuri ya nishati safi iliyowasilishwa kwenye kibali imekufa kwa sababu ya taulo. Chumba cha kukaushia kichorwe siku ya kwanza: paa linalopitisha mwanga, mahali palipokuwa wazi tangu awali, hewa inayopashwa na jua na kusukumwa na feni ndogo. Au kazi hiyo ipelekwe pembezoni mwa msitu, kijijini, kwa malipo ya haki. Mtu aliyetembea saa tano kwenye matope, anasa yake ya kwanza ni kulala kwenye shuka kavu, na mbunifu asiyelijua hilo hajaijua kazi yake.

Nishati nayo ina adabu yake. Mwanga wa jua unaofika sakafuni mwa msitu mnene ni asilimia moja au mbili tu, kwa hiyo paneli za sola chini ya miti hazina maana, na kukata miti ili kuziweka ni aibu. Kijito kinaweza kusaidia. Maji ya lita 20 kwa sekunde yakiteremka mita 30 yanatoa takribani kilowati 3.5, usiku na mchana, hata ukiondoa yanayopotea kwenye mashine. Zinatosha taa, mapangaboi na friji. Lakini kipande cha kijito kati ya mahali unapochota na unaporudisha maji kisikaushwe, kwa kuwa kina wenyewe. Ua la Saintpaulia, linalopamba madirisha ya Ulaya, asili yake ni miamba yenye kivuli na unyevu ya milima yetu, Usambara ikiwa mojawapo. Ukiangusha miti mitatu ili mgeni aone bonde, jua linaufikia mwamba na ua linakufa.

Mfano ninaoutumia zaidi darasani uko Kambodia, katika Milima ya Cardamom. Msanifu Bill Bensley, mzaliwa wa Marekani mwenye ofisi yake Bangkok, na mshirika wake Sokoun Chanpreda walinunua katika mnada bonde la hekta zipatazo 350 lililokuwa hatarini kuishia mikononi mwa wakata magogo. Kambi yao, Shinta Mani Wild, ilifunguliwa mwaka 2018. Ina mahema 15 yaliyoinuliwa juu ya nguzo kando ya mto. Gawanyeni wenyewe: zaidi ya hekta 23 kwa kila hema. Katika jimbo jirani, kambi ya Cardamom Tented Camp ilifunguliwa mwaka 2017 ikiwa na mahema tisa tu katika eneo la hekta 18,000 ndani ya hifadhi ya Botum Sakor. Huko Bali pia Bensley alimshawishi mteja aliyetaka hoteli kubwa akubali mahema ishirini na kitu kati ya miti. Uamuzi mkubwa wa mbunifu ulikuwa idadi, na idadi huamuliwa kabla ya rangi ya pazia.

Shinta Mani Wild inashirikiana na askari wa msitu wanaofanya kazi na shirika la Wildlife Alliance, na mgeni anaweza kufuatana nao katika doria. Wanachokitafuta ni mitego. Mtego wa kawaida ni waya wa breki ya baiskeli au pikipiki uliofungwa kitanzi na kufichwa kwenye majani. Haubagui nguruwe, paa wala chui. Anayeutega hutumia fedha kidogo sana, ila kuuondoa kunahitaji mtu atembee kwa miguu, kila siku, mwaka mzima, na mtu huyo alipwe mshahara. Hapa ndipo bei kubwa ya hema inapopata uhalali wake. Ikiwa bei hiyo haiendi kwenye mshahara wa askari, imebaki kuwa bei ya mandhari ambayo haikutengenezwa na hoteli.

Lakini nisiwafiche upande wa pili wa milima hiyo. Mwezi Februari 2024 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu mradi wa hewa ukaa wa Cardamom Kusini, likieleza kwamba watu wa jamii ya Chong walifukuzwa mashambani mwao na wengine kukamatwa. Wildlife Alliance, inayoendesha mradi huo pamoja na serikali, ilizipinga shutuma hizo. Sisi hatuna haki ya kuwanyooshea kidole kwa mbali. Huku kwetu Afrika Mashariki, Bwindi ilipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991, Wabatwa waliondolewa katika msitu uliokuwa nyumbani kwao, na leo mgeni analala kwenye loji nzuri kando ya msitu huo huo. Mbunifu hawezi kusema hilo ni la wanasiasa. Njia ya kwenda kuchota maji, mahali pa kuokota uyoga na dawa, kaburi la babu, vyote viko kwenye ardhi anayoipima. Visipokuwemo kwenye ramani yake, atakuwa amevifuta.

Kwa hiyo neno langu la mwisho nawaelekezea ninyi mnaosaini vibali, kuanzia misitu ya hifadhi ya mazingira asilia kama Amani, iliyotangazwa mwaka 1997, hadi Udzungwa, Kakamega na Nyungwe. Mwekezaji akileta picha, zipokeeni kwa heshima, kisha mwombeni hesabu ya maji ya mvua kwa kila paa, mchoro wa chumba cha kukaushia mashuka, majina ya vijiji vilivyoketi naye vikakubaliana kwa maandishi, na idadi ya askari wa msitu atakaowalipa hata katika miezi ambayo hana mgeni. Akikosa hata kimoja, msisaini.