Tusingoje Matanga Ndiyo Tutoe Pesa: Maneno juu ya Tansio

Maneno yaliyotolewa kwenye mukutano wa wanachama, Kisangani



Nimeombwa niseme juu ya tansio. Nitaanza na sanduku letu la musaada. Mwanachama akifa, sanduku linatoa pesa ya jeneza na ya chakula cha matanga. Ni vizuri, ni heshima. Lakini hakuna franga hata moja inayotoka kwa kumusaidia mutu muzima anayetafuta kidonge chake cha kila siku. Hiyo ndiyo naomba tubadilishe leo.

Tansio ni nguvu ambayo damu inasukuma nayo kuta za mishipa. Ikikaa juu miaka mingi, moyo unachoka, figo zinaharibika, na siku moja mushipa wa kichwani unaziba ao unapasuka: mutu anapooza upande. Ubaya wake, haiumi. Shirika la Afya Duniani, OMS, linahesabu watu wazima karibu bilioni 1.4 wenye ugonjwa huu, na karibu nusu yao hawajui kama wako nao. Ndiyo maana jirani akianguka asubuhi tunaanza kuuliza nani amemuloga, kumbe hakuna hata siku moja alipimwa.

Wengine wanasema ni ugonjwa wa matajiri. Zamani hata waganga walifikiri Mwafrika hana tansio. Mwaka wa 1929, daktari Donnison, aliyefanya kazi Kavirondo ya Kusini, Kenya, aliandika katika gazeti la Lancet kwamba alipima watu 1,000 wa huko na tansio yao haikupanda na umri kama ya Wazungu. Baadaye, Neil Poulter na wenzake walifuata Wajaluo waliotoka vijijini kwenda kuishi Nairobi, wakawalinganisha na wale waliobaki. Matokeo yalitoka mwaka wa 1990. Katika miezi ya kwanza tu, tansio ya waliohama ilikuwa tayari juu kuliko ya waliobaki. Mikojo yao ilionyesha chumvi nyingi na potasi kidogo, na moyo wao ulipiga haraka zaidi. Kabila ni lilelile, damu ni ileile. Kilichobadilika ni maisha.

Wale walihama kutafuta kazi. Sisi tulikimbia: wengine vita ya siku sita ya Juni 2000, wengine machafuko ya Lubunga tangu 2023. Makemba, sombe na matunda, vyakula vyenye potasi, vilibaki shambani. Tukala makayabu na kutia kibu ndani ya kila chungu. Usingizi hakuna. Wenye dawa, dawa zikakatika njiani. Sasa mutu amerudi, anajenga nyumba yake, anasikia mwili uko na nguvu, anasema: "Nimepona." Hapana, baba. Kidonge cha tansio si kama cha malaria. Hakiondoi ugonjwa, kinaushikilia. Ukikiacha, tansio inapanda tena, na wewe husikii kitu.

Nyumbani tufanye nini? OMS inasema chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, ni kama kijiko kimoja kidogo cha chai, pamoja na ile iliyo ndani ya kibu na makayabu. Makayabu tuyaloweshe usiku kucha, maji tumwage, tusiongeze chumvi ingine. Sigara tuache, pombe tupunguze. Kama unapanda toleka kwenda na kurudi, safari moja iwe kwa miguu.

Na mukiona mutu mudomo umepinda, mukono umelegea, maneno yanakwama, mumupeleke hospitali saa ileile, hata usiku. Maombi tufanye njiani.

Kwa chama chetu naomba mambo matatu. Kwanza, tununue mashini moja ya kupimia tansio. Pili, kila mukutano wa mwezi tupimane mbele ya kutoa michango: mutu akae kimya dakika 5, mukono uwe sawa na moyo, na kila mutu ashike karatasi yake. Mwenye kupata 140 kwa 90 ao zaidi, siku mbili tofauti, aende kwa muganga. Tatu, tutenge sehemu ya sanduku kwa dawa ambazo muganga ameandika. Amlodipini na idroklorotiazidi ziko kwenye orodha ya OMS ya dawa za lazima, na ziko za bei ya chini. Lakini mutu anayeishi kwa kibarua, mwezi akikosa kazi, kidonge ndicho anakata kwanza.

Wafadhili wetu, neno moja kwenu, kwa heshima. Katoni la dawa la miezi mitatu linapendeza kwenye picha, lakini mugonjwa wa tansio anameza miaka yote. Mutupe kidogo, lakini kila mwezi. Mwezi wa nne, dawa ikikosekana, tutakuwa tumerudi palepale.

Wanachama, hatutafuta pesa ya matanga. Tunataka tu ichelewe kutumika. Leo mashini ya kuazima iko pale mezani. Wazee watangulie, vijana wafuate.