HOTUBA YA MWENYEKITI: SIMU YA KIKUNDI

 

Awali ya yote namshukuru Mungu kutufikisha miaka kumi. Risala ya kikundi imeshasomwa na katibu, na hesabu mmezisikia, kwa hiyo mimi sitarudia hesabu. Nimepewa dakika kumi na tano niseme neno la mwenyekiti. Nilikaa nikafikiri niseme nini, maana elimu yangu ni darasa la saba, nililomaliza mwaka 1984, na hotuba ndefu siziwezi. Nimeamua niseme habari ya simu. Msicheke. Wanachama wanajua kwa nini.

Kikundi hiki tulipokianzisha mwaka 2015 tulikuwa na kisanduku cha bati chenye kufuli tatu, madaftari, na simu yangu. Kisanduku tulichangishana. Simu nilikuwa nimeinunua mwaka mmoja nyuma baada ya kuuza alizeti, kitochi cha kawaida cha kubonyeza. Sikuinunua kwa ajili ya kikundi, ila kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na simu isiyozimika, namba yangu ikawa namba ya kikundi.

Vijana mliozaliwa juzi hamjui simu zilianzaje hapa Msalato. Kitochi cha kwanza nilichokiona mimi kilikuwa Nokia 1100, ile iliyotoka mwaka 2003 yenye tochi kichwani. Nasikia duniani ziliuzwa zaidi ya milioni 250. Hapa kwetu mwenye nayo alikuwa kama posta, watu wanapiga foleni kwake kupokea salamu za watoto walioko Dar es Salaam. Umeme majumbani hatukuwa nao, tukawa tunapeleka simu kuchajiwa kibandani kwa kulipa. Ndiyo maana simu inayokaa na chaji tuliiheshimu. Yangu mimi nikiichaji Jumamosi nikienda mnadani, nakutana na chaji tena Jumamosi ijayo, labda kama kuna msiba, maana msiba unakula simu.

Na ilipita majaribu. Tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilipozima simu bandia nchi nzima, wengine hapa mliamka na simu zimekuwa vioo vya kujitazamia. Mimi nilikuwa nimeshabonyeza nyota reli sifuri sita reli, nikatuma ile namba kwenda 15090, nikajibiwa kwamba simu yangu ni halali. Wiki ile kikundi kizima kilipigia simu yangu. Halafu ikaja kusajili laini kwa alama za vidole, ambayo mwisho wake ulikuwa tarehe 20 Januari 2020. Hapo shida haikuwa simu, ilikuwa vidole. Jembe limekula vidole vyetu kina mama, mashine inasoma haioni kitu. Mimi nilirudi mara tatu. Mara ya tatu mwenzangu mmoja alinishauri nipake mafuta usiku kucha na nisiguse jembe siku mbili, ndipo kidole gumba kikakubali.

Sasa mnaona kwa nini nilikuwa naringia simu ile. Kutuma na kupokea fedha inaweza, ni nyota mia na hamsini tu, haitaki bando. Kuanzia mwaka 2008 huduma ya fedha kwa simu ilipoingia Tanzania, vitochi ndivyo vilivyoifikisha vijijini. Kwa hiyo katibu wetu alipoanza kusema, mwaka 2021 hivi, kwamba kikundi kinunue simu janja, nilimjibu mbele ya kikao kwamba simu janja inataka mtu janja, na sisi tunataka mtu mwaminifu. Mkapiga makofi. Nilifurahi sana siku ile, na leo nakiri kwamba jibu lile lilikuwa la kumnyamazisha mtoto wa watu, halikuwa la kumsaidia.

Maana alikuwa na hoja. Ile mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri, ambayo nne ni ya wanawake, nne ya vijana na mbili ya watu wenye ulemavu, ilisimamishwa mwaka 2023, na iliporudi mwaka 2024 maombi yakawa ya kwenye mfumo wa kompyuta. Kila hatua katibu anapanda bodaboda kwenda mjini kwenye duka la steshenari, analipa kujaziwa fomu, anarudi, wiki ijayo wanataka kiambatanisho kingine, anapanda tena. Na wanachama waliojenga vyumba vya kupangisha tangu ujenzi wa uwanja wa ndege uanze, wapangaji wao wanatuma picha za risiti. Simu yangu picha haijui. Mimi nikasema risiti ni karatasi. Nikaendelea kukaza.

Mwaka jana mwezi wa pili ndipo mambo yakatokea. Kitufe cha sifuri kilikuwa kimechoka. Unabonyeza mara moja, chenyewe kinaandika mara mbili, au unabonyeza mara mbili hakiandiki hata moja. Nilikuwa nimeshakizoea, kama mtu anavyozoea mlango wake wa kusukuma kwa bega. Mwenzetu mmoja akalaziwa mtoto. Katiba yetu inasema mwanachama aliyelaziwa mtoto apewe shilingi 40,000 kutoka mfuko wa jamii. Ilikuwa usiku, miwani sikuivaa. Nikaandika, nikaweka namba ya siri, nikathibitisha. Ilikwenda 400,000.

Naomba niseme jambo hapa lisije likapotoshwa. Simu ilinionyesha. Kabla ya kuthibitisha iliandika kiasi ninachotuma na jina la ninayemtumia, kama inavyofanya siku zote. Mimi ndiye sikusoma, kwa kuwa miaka yote nilikuwa natuma kwa vidole bila macho. Niligundua asubuhi nilipoangalia salio.

Mama yule alipoona fedha zile alidhani kikundi kimemhurumia. Usiku ule ule alikuwa ameshalipa deni la matibabu na dawa. Nikampigia. Akanipokea kwa kilio cha shukrani, mtoto amepata nafuu, Mungu awabariki wenzangu. Wenzangu, ningesema nini? Nilisema tu, haya mwanangu, pole. Nikakata.

Nikauza mbuzi watatu mnadani, nikaongeza na akiba yangu, Jumatano nikaweka 360,000 mezani kabla kikao hakijafunguliwa. Halafu ndipo nikaeleza. Mwenzetu alilia upya, safari hii kwa aibu ambayo haikuwa yake. Amenirudishia kidogo kidogo na bado anaendelea, sijamwekea tarehe. Lakini kikao hakikuniachia. Mweka hazina alisoma kifungu cha uzembe, nikatozwa faini ya 5,000 kama mtu mwingine yeyote, na nililipa. Kisha wakapiga kura ya kununua simu. Mikono yote ilinyooka. Na wangu niliunyoosha, wa mwisho.

Habari ya simu mpya sitaisema sana. Ni kubwa kama kigae cha kukaangia karanga. Chaji haifiki kesho. Kidole changu haikisikii vizuri, natumia cha shahada. Siku ya kwanza nikitaka kuifunga nilimpigia Ndugu Afisa Maendeleo ya Jamii mara nne, naye yupo hapa ni shahidi. Mjukuu wangu wa darasa la tano ndiye mwalimu wangu, na hana subira. Lakini maandishi naweza kuyakuza, na hilo nalishukuru.

Kazi iliyonipa shida ni kuhama. Namba za watu zilikuwa kwenye simu, hazikuwa kwenye laini. Na meseji zilikuwemo. Mimi utaratibu wangu ulikuwa hivi: meseji ya hisa ikishaandikwa kwenye daftari naifuta, ambayo sijahakikisha naiacha. Simu ikijaa inakataa kupokea, kwa hiyo nilikuwa nafuta kila mwezi. Zilizobaki zilikuwa sitini na kitu. Katibu akasema tuzinakili kwa mkono kwenye daftari la kaunta kabla simu haijafa. Tukakaa siku mbili chini ya mbuyu, mimi nasoma, yeye anaandika, na tulikuwa tumeshapatana.

Nyingi zilikuwa za bure, za kuniomba udhuru na za wale matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Siku ya pili tukafika kwenye meseji ya mwaka 2018 ya mwenzetu ambaye sasa ni marehemu. Alikuwa hospitali. Ameandika kwamba ametuma 30,000, hisa zake za wiki tatu, na kwamba daftari lake liko kwa binti yake. Chini yake ipo meseji ya mtandao kwamba fedha zimeingia. Katibu akafungua daftari la mwaka ule. Wiki tatu zile, mbele ya jina lake, pamechorwa sifuri.

Mwaka ule tulipogawana tulimpa binti hisa za mama yake, tukalia, tukajiona tumetenda haki. Kumbe 30,000 yake ilibaki kwenye laini, ikachanganyika na mfuko wa jamii, tukaitumia. Hakuna aliyeiba. Ila yeye alitoa fedha akiwa kitandani, na sisi tukamwandikia kwamba hakutoa.

Binti huyo sasa ni mwanachama mwenzetu, na ameniruhusu niseme haya. Jumatano iliyopita tulimpa fedha ile pamoja na faida ya mwaka ule kama katibu alivyoipigia hesabu. Aliziweka mezani, hakuzihesabu. Akaniomba simu ya zamani. Akaisoma meseji mwenyewe, akashuka chini, akapanda, akasoma tena. Kisha akaniuliza kama nikichomoa betri itapotea. Nikamwambia haipotei. Akasema basi isitupwe.

Kwa hiyo haikutupwa. Iko ndani ya kisanduku, chini ya kufuli tatu, na kila mwezi tunaitoa tunaichaji. Laini haina, haiwezi kupiga wala kupokea. Tatizo ni moja tu. Nilisahau kutoa kengele niliyotega ya kuniamsha, na kitufe ndicho kile hakisikii vizuri. Mweka hazina, ambaye kisanduku kinalala kwake, analalamika kwamba kila siku saa kumi na moja alfajiri kisanduku cha kikundi kinalia.