Safari ya Kujifunza Mbio

Msikilizaji, leo tutazame waandaaji wa mbio wanaokwenda ng'ambo kujifunza. Je, ni elimu au ni matembezi?

Kwanza, tukumbuke historia. Mwaka 1979 Waingereza wawili, Chris Brasher na John Disley, walikwenda kukimbia marathoni ya New York. Wakavutiwa na wakazi waliojaa barabarani wakiwashangilia wakimbiaji wasiowajua. Machi 1981, kwa juhudi zao, marathoni ya London ikazaliwa. Leo inakimbiwa na watu zaidi ya 50,000.

Sasa, wewe yakuhusu nini? Mbio zikipita mtaani kwako, barabara hufungwa, daladala hubadili njia, muuza maji hupata riziki. Mipango ikiwa mibovu, hata mgonjwa anayewahishwa hospitali hukwama.

Kwa upande mmoja, wahenga walisema tembea uone. Kwa upande wa pili, nauli ya ndege si haba, na jua la Moshi au Mombasa si la London. Ya wenzetu yanafaa kupimwa kabla ya kuigwa.

Swali linabaki: waandaaji wakirudi, tutaona mabadiliko barabarani, au picha za safari tu?