Siku ya Kupimwa Mtoto, Sema Yote

Leo nazungumza na wewe mwenye mtoto asiyeketi, asiyeongea, asiyeona, au anayeanguka kifafa kila wiki.

Swali ninaloulizwa sana, kuanzia Diani hadi Msambweni, ni hili: "Sista, ugonjwa huu wa mwanangu, serikali inaulipa?" Jina la ugonjwa halilipwi, mama. Kinachoangaliwa ni kile ambacho ugonjwa umemzuia mtoto kufanya. Tunaowapeleka mara nyingi ni wenye mtindio wa ubongo, kichwa maji, mgongo wazi, usonji, upofu, uziwi, ualbino, na kifafa kisichotulia kwa dawa. Lakini kuna mwenye mtindio wa ubongo anayechechemea na kwenda shule, na kuna asiyeweza hata kugeuka kitandani. Hawa hawatapimwa sawa. Sikoseli nayo, ikishaleta kiharusi au kuharibu nyonga, mpeleke mtoto apimwe.

Kupimwa ni hospitali ya serikali. Kwetu wengi huenda Msambweni. Hapo ndipo tunapojiharibia. Nilimsindikiza mama mmoja aliyemvalisha mwanawe nguo za Idi, na kila akiulizwa anajibu, "Anakula vizuri, anajitahidi." Mtoto ana miaka saba, analishwa uji kwa kijiko, bado anavaa nepi! Aibu tu ilimfunga mdomo. Ikaandikwa kwamba hali si kali, tukaanza upya.

Daktari atamwona mtoto dakika chache. Wewe uko naye usiku na mchana. Mwambie nani anamlisha, nani anamwosha, anaamka mara ngapi usiku, umeacha biashara gani kwa ajili yake. Beba kijitabu cha kliniki, cheti cha kuzaliwa, kitambulisho chako, na dawa anazotumia.

Baada ya hapo mtoto huandikishwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, apate kadi. Kadi si pesa. Pesa ni za Inua Jamii: mpango wa wenye ulemavu mkali ulianza 2011, shilingi 2,000 kwa mwezi, hupokelewa na mlezi, kwa jamaa maskini yenye mtu wa kuangaliwa kila wakati. Usajili hufunguliwa kwa awamu, kwa hiyo usikose baraza la chifu. Elfu mbili haitoshi hata nepi, najua, na wakati mwingine huchelewa. Na mtu akikuambia utoe kitu kidogo ili jina liingie, usimpe.

Jambo moja linanitia hofu. Kuna wanaomwachisha mtoto dawa ya kifafa ili siku ya kupimwa aonekane mgonjwa zaidi. Usifanye hivyo. Kifafa kikirudi kwa kukatizwa dawa huweza kumuua kabla hamjafika kwa daktari. Mtoto akitetemeka zaidi ya dakika tano, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, tafuta gari umkimbize hospitali.