Kujitolea Katika Mashamba ya Ng'ambo: Mambo ya Kujua Kabla ya Kuuza Ng'ombe

Maelezo kwa vijana, wazazi na wakulima wa Kaunti ya Kakamega





Kijana akifika nyumbani na habari kwamba amepata nafasi katika shamba la Ulaya, swali la kwanza la mzazi huwa moja: atalipwa ngapi? Katika mpango unaozungumziwa leo, jibu ni fupi. Hatalipwa chochote. Hilo si kasoro, kwa kuwa mpango uliundwa hivyo tangu mwanzo. Kasoro huja pale mtu wa kati anapolificha jibu hilo, familia ikauza ng'ombe au kukodisha shamba la miwa ili kugharimia safari isiyo na mshahara hata wa siku moja.

Mpango wenyewe unajulikana kwa herufi WWOOF. Ulianza Uingereza mwaka 1971, wakati Sue Coppard, mhazili aliyefanya kazi London, alipotafuta njia ya watu wa mjini kufika mashambani. Wikendi ya kwanza ilifanyika katika shamba la Emerson College, Sussex. Mwanzoni herufi hizo zilimaanisha wikendi za kazi katika mashamba ya kilimo hai. Baadaye zikawa za wafanyakazi wa hiari, na jina hilo nalo likabadilishwa kwa sababu neno wafanyakazi liliwachanganya maafisa wa uhamiaji. Siku hizi jina linataja nafasi, halitaji kazi. Jina lilibadilika, lakini swali la afisa wa mpakani ni lile lile.

Utaratibu si mgumu. Anayetaka kwenda hujiandikisha na shirika la WWOOF la nchi husika, hulipa ada ya uanachama, husoma orodha ya wenyeji, kisha humwandikia mwenye shamba moja kwa moja. Wakikubaliana, mgeni hufanya kazi kama saa 4 hadi 6 kwa siku: kupalilia, kugeuza mboji, kulisha mifugo, kuvuna. Mwenyeji humpa chakula na mahali pa kulala. Nauli ya ndege, viza na bima ni juu ya msafiri. Katikati hapo hakuna wakala. Anayedai maelfu ya shilingi ili "kukutafutia shamba" anauza kitu ambacho kijana angekipata mwenyewe kwa simu yake.

Sasa viza, na hapa ndipo wengi hukwama. Nchi nyingi hazitofautishi sana kazi ya mshahara na kazi ya chakula na malazi. New Zealand, kwa mfano, huihesabu kuwa ni kazi, na mgeni wa matembezi haruhusiwi kuifanya. Uingereza humruhusu mgeni wa matembezi kujitolea kwa siku zisizozidi 30, tena kwa shirika la hisani lililosajiliwa. Shamba la mtu binafsi halimo. Vijana wa Ujerumani au Ufaransa huenda New Zealand na Australia kwa viza maalumu za kutembea huku wakifanya kazi. Kenya haimo katika orodha za nchi zinazopewa viza hizo. Kwa hiyo simulizi ya Mjerumani aliyezunguka dunia kwa kupalilia bustani inaweza kuwa ya kweli kabisa, na bado isimfae kijana wa Malava. Anayeshauri "sema tu unaenda kutembea" hatakuwepo kijana atakaporudishwa kutoka uwanja wa ndege, na nauli haitarudi.

Iwapo lengo ni mshahara, hiyo ni ajira, na ajira ina njia yake. Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, ina orodha ya mawakala waliosajiliwa. Jina la wakala litafutwe humo kabla ya shilingi yoyote kutoka. Mkataba usomwe na zaidi ya mtu mmoja. Pasipoti hukaa na mwenyewe, si na wakala wala mwajiri. Sheria ya mwaka 2010 ya kupambana na usafirishaji haramu wa watu inaweka kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Familia iliyodanganywa isinyamaze kwa aibu. Iende kituo cha polisi na risiti zake na ujumbe wa simu.

Na iwapo lengo ni kujifunza kilimo hai, safari si lazima ivuke bahari. Manor House karibu na Kitale imefundisha kilimo cha vitanda vya kina na mboji tangu mwaka 1984. Hapa magharibi, wakulima wengi wamepanda desmodiamu katikati ya mahindi na nepia pembezoni, mbinu iliyotoka kituo cha ICIPE kule Mbita. Desmodiamu hufukuza wadudu wanaotoboa mashina na kudhoofisha kayongo, nepia huwavuta wadudu hao nje, na ng'ombe hula vyote viwili. Pembezoni mwa Msitu wa Kakamega, kikundi cha wakulima cha Muliru kilitunukiwa Tuzo ya Ikweta mwaka 2010 kwa kulima mmea wa dawa na kuutengenezea marhamu ya Naturub. Kijana aliyekaa wiki chache na wakulima wa aina hii ana la kumwandikia mwenyeji wa ng'ambo, kuliko anayeandika tu kwamba anapenda mazingira.

Zipo pia familia za hapa zinazopenda kupokea wageni wa aina hiyo. Kibali cha kuingia Kenya kwa matembezi si kibali cha kazi, hata isiyo na malipo. Mwenyeji aulize Idara ya Uhamiaji kabla mgeni hajakata tiketi. Mgeni aambiwe mapema kuhusu choo, maji, malaria na saa ya kuamka. Mrenda na tsisaka atazizoea. Na asichukuliwe kuwa mfadhili: wengi wao ni vijana waliodunduliza nauli, na karo ya watoto wa boma haikuwa sehemu ya mapatano.

Maswali kuhusu mbinu za kilimo yapelekwe kwa afisa wa kilimo wa wadi. Ya viza yapelekwe kwa ubalozi wa nchi husika wenyewe, si kwa jamaa wa ubalozi.